Kupiga grisi viungo vya sasipensheni ya pikapu nzito

Kagua kwanza kama boljointi (viungo vya mpira wa chuma vinavyoruhusu gurudumu kugeuka na kupanda-kushuka) na tairodi (fito za usukani zinazogeuza magurudumu) zina nipeli, yaani vichuchu vya kuingizia grisi. Nyingi za kisasa zimezibwa kiwandani; hizo hazipigwi grisi, zikilegea hubadilishwa.

Zenye nipeli, tumia grisi ya lithiamu ya NLGI 2 (daraja la ugumu wa grisi) kila unapobadilisha oili, au mapema zaidi gari likipita kwenye maji na matope. Zuia magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki, weka stendi. Futa nipeli vizuri kabla ya kuunganisha bomba la grisi, maana mchanga ulio juu yake ukisukumwa ndani husaga kiungo. Piga taratibu mpaka mpira wa vumbi uanze kuvimba, kisha acha. Ukizidisha unapasuka, na maji yanapata njia. Nipeli ikikataa grisi, ing'oe uweke mpya kabla ya kulaumu kiungo. Mara nyingi imeziba tu kwa grisi iliyokauka.

Bushi za mpira (vipande vya mpira vilivyo kwenye maungio ya sasipensheni) usiziguse: grisi ya kawaida huzivimbisha.

Gari likiwa bado juu, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi. Ukibaki, shuku boljointi.