Michango ya maafa: toa hesabu kabla hujaulizwa

Nimekuwa mhazini wa kamati za maafa mara tatu: mafuriko mara mbili, moto wa soko mara moja. Kuchangisha si kazi ngumu, watu wetu wanatoa. Shughuli huanza siku ya kumi, mwandishi wa habari anapopiga simu saa mbili usiku: "Zimepatikana shilingi ngapi, na ziko wapi?"

Hatua ya 1: Akaunti moja tu. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, viongozi wawili wa serikali mkoani walitumbuliwa kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Weka watia sahihi watatu, mmoja wao atoke kwa waathirika wenyewe. Tangaza namba redioni, misikitini na makanisani, na useme wazi kwamba hakuna mjumbe anayepokea mchango kwa simu yake binafsi.

Hatua ya 2: Tenganisha ahadi na fedha taslimu. Hapa ndipo kamati nyingi zinapoumia. Katika kamati yangu ya kwanza, mwenyekiti alisimama kwenye harambee akasoma jumla ya kila kitu: fedha, ahadi, hata mabati yaliyokadiriwa bei. Gazeti likaandika "zimekusanywa". Benki haikuwapo hata theluthi. Wiki mbili baadaye mama mmoja ambaye nyumba yake ilisombwa alikuja na lile gazeti limekunjwa kwapani, akalifungua mezani, akaweka kidole juu ya ile namba. "Mwanangu, hizi ziko wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo nakiona kile kidole.

Tangu siku hiyo kaunta buku langu lina safu tatu: zilizoingia benki, ahadi, vitu. Vitu nahesabu kwa mifuko, mabati na marobota, sivipi bei. Mwandishi akiuliza, naanza na zilizoingia benki, nataja tarehe na saa ya salio, halafu ndipo ahadi. Akitaka jumla moja ya kichwa cha habari, simpi.

Hatua ya 3: Ukurasa mmoja kila Ijumaa. Zilizoingia, zilizotumika, salio. Mafuta ya gari na posho ziandikwe kwa majina yake, zisifichwe kwenye "mengineyo". Bandika kwenye ubao wa ofisi ya kata, na saa hiyo hiyo watumie waandishi.

Hatua ya 4: Msemaji mmoja, bila bahasha. Usimpe mwandishi "nauli" kutoka kwenye michango, hata akiomba kwa upole. Huo ni unga wa mwathirika. Mpe nakala ya stakabadhi na ruhusa ya kwenda ghalani kuhesabu mwenyewe. Swali likikushinda, sema: "Nitakupigia kesho saa nne," na saa nne upige.

Hatua ya 5: Eleza maana ya "tumesaidia". Baada ya tetemeko la Haiti la 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulichangisha karibu dola milioni 500, na ukasema umewapatia makazi watu zaidi ya 130,000. Mwaka 2015 waandishi wa ProPublica na NPR, vyombo vya habari vya Marekani, walifuatilia wakaripoti kwamba nyumba za kudumu ulizojenga ni sita. Ile idadi kubwa ilijumuisha hata watu waliopewa mafunzo ya ujenzi tu. Kwa hiyo andika: kaya ngapi zimepata mabati, mangapi kila moja, kijiji gani.

Hatua ya 6: Picha. Omba ruhusa kwanza. Anayekataa kupigwa picha anapewa mgao wake kama wengine.

Hatua ya 7: Funga hesabu. Mwite mkaguzi asiye mjumbe wa kamati. Salio likibaki, waathirika wakae kikao waamue matumizi, muhtasari usainiwe. Kisha akaunti ifungwe kwa barua, na nakala ya barua hiyo ibandikwe pale pale kwenye ubao wa kata.