Kufuatilia Udongo na Miti ya Msitu kwa Miongo Mingi: Jinsi ya Kuanzisha Ploti za Kudumu

Misitu ya nchi zenye majira manne hubadilika polepole kiasi kwamba anayeitazama kwa mwaka mmoja au miwili haoni jambo la kuandika. Mti uliokomaa huongeza kipenyo cha milimita chache tu kwa mwaka, na udongo unaweza kupungukiwa na madini kwa miaka mingi kabla majani hayajaonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo anayeanzisha ufuatiliaji wa muda mrefu anapanga kazi itakayoendelezwa na watu asiowajua, na kila uamuzi wa siku za mwanzo aupime kwa swali hili: je, mtu mwingine ataweza kurudi mahali hapa baada ya miaka thelathini na kupima kitu kilekile kwa namna ileile?

Faida ya uvumilivu huo inaonekana wazi katika msitu wa Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire nchini Marekani. Msitu huo ulitengwa kwa utafiti mwaka 1955, na mwaka 1963 wanasayansi, wakiwemo Gene Likens na Herbert Bormann, walianza kupima kemia ya mvua na ya vijito vinavyotoka katika mabonde yake madogo. Vipimo hivyo vilidhihirisha tatizo la mvua ya asidi Amerika Kaskazini, na baadaye vikaonyesha kwamba asidi ilikuwa imeosha kalsiamu nyingi kutoka udongoni. Mwaka 1999 bonde moja lilinyunyiziwa madini yenye kalsiamu kwa helikopta, na miti ya mepo wa sukari, Acer saccharum, ikapata nafuu kuliko ile ya bonde la kulinganishia ambalo halikuguswa. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu miti na udongo vilikuwa vimepimwa na kuandikwa kabla ya jaribio.

Anza kwa kuchunguza historia ya ardhi. Tafuta ramani za zamani, hati za mashamba na kumbukumbu za uvunaji wa mbao, kwa sababu msitu unaoonekana wa asili huenda uliwahi kuwa shamba la ngano au malisho. Huko Rothamsted, Uingereza, ambako majaribio ya kilimo yalianza mwaka 1843, vipande viwili vya mashamba viliachwa katika miaka ya 1880 vigeuke msitu vyenyewe. Kipande cha Broadbalk kilikuwa kimewekewa chokaa nyingi zamani, na udongo wake haujawa wa asidi. Kile cha Geescroft hakikuwa na akiba hiyo, na pH ya udongo wake wa juu, yaani kipimo ambacho hushuka asidi inapoongezeka, imeshuka kutoka karibu 7 hadi kati ya 4 na 5. Hewa ni moja na mvua ni moja, lakini matendo ya wakulima wa kale yameamua hatima ya kila kipande. Mtafiti asiyeijua historia hiyo angetafuta sababu mahali ambapo haipo.

Mahali pa ploti, yaani vipande vya msitu vilivyowekewa mipaka ili vipimwe tena na tena, pachaguliwe kwa bahati nasibu ndani ya kila aina ya mteremko au udongo, wala si kwa macho, kwa kuwa macho hupenda sehemu nzuri zenye miti mikubwa. Hubbard Brook waligawa bonde zima la kulinganishia katika miraba ya mita 25 kwa 25, na ukubwa huo unafaa pia kwa anayeanza na ploti chache. Pima umbali kwa mlalo, si kwa kufuata mteremko, kisha simika vigingi vya chuma katika pembe zote. Usitegemee GPS peke yake, kwani chini ya majani mazito hukosea kwa mita kadhaa. Andika pia umbali na mwelekeo wa kila kigingi kutoka kwenye jiwe kubwa au alama nyingine isiyohama.

Kila mti wenye kipenyo kinachofikia kiwango ulichochagua, kwa mfano sentimita 10, upewe namba kwenye kibati cha alumini. Msumari usipigiliwe mpaka mwisho, maana mti utanenepa na kukimeza kibati. Wala usipigiliwe kwenye usawa wa kupimia, kwa sababu gome huvimba palipotobolewa. Kipenyo hupimwa usawa wa kifua, na hapa pana mtego: Marekani usawa huo ni mita 1.37, ilhali nchi nyingi nyingine, Tanzania ikiwemo, hutumia mita 1.3. Chagua kimoja, kiandike, na chora mstari wa rangi kwenye shina ili utepe wa kupimia urudi palepale. Kwenye mteremko, simama upande wa juu. Pima baada ya majani kupukutika na kabla ya machipukizi, lakini epuka siku za baridi kali, kwa kuwa gome lililoganda husinyaa. Rudia upimaji kila miaka mitano, ukiandika miti iliyokufa, ile mipya iliyofikia kiwango, na dalili za magonjwa. Sehemu ya miti ipimwe upya na timu ya pili isiyoona namba za ile ya kwanza. Bila hilo hutajua kama milimita tatu ni ukuaji au ni mkono wa mpimaji.

Udongo ni mgumu zaidi, na ndiko miradi mingi inakopotea. Mti ule ule unaweza kupimwa tena, lakini udongo ukishachimbwa haupo tena mahali pake, na shimo la hatua mbili kutoka hapo linaweza kutofautiana nao kuliko mabadiliko ya miaka ishirini. Dawa yake ni kuchukua sampuli nyingi, katika mwezi uleule, kwenye sehemu iliyotengwa kando ya ploti ya miti ili mizizi isijeruhiwe, na kuchora ramani ya kila shimo lililokwisha kuchimbwa. Tabaka la majani na mboji likatwe kwa kutumia fremu ya sentimita 15 kwa 15, na litenganishwe kwa uangalifu na udongo wa madini, kwani wachimbaji wawili huweza kuuona mpaka huo mahali tofauti. Waendeshe mazoezi pamoja kabla ya kazi, wakiwa na picha za mpaka uliokubaliwa. Katika udongo wenye mawe mengi, kekee ya mkono haitapenya. Chimba shimo la nusu mita ya mraba, upime uzito wa mawe na wa udongo, la sivyo hutaweza kueleza kiasi cha kaboni kwa hekta.

Kausha sampuli kwa hewa, zichekeche kwa chekeche ya milimita 2, pima unachoweza, kisha hifadhi sehemu ya kila sampuli katika chupa iliyofungwa vizuri, yenye lebo ndani na nje. Kama fedha ni kidogo, mimi ningepunguza idadi ya vipimo vya maabara na kuilinda ghala hiyo, kwa sababu kipimo kilichoachwa leo kinaweza kufanywa baadaye kwenye udongo uliohifadhiwa, lakini udongo wa mwaka huu hautapatikana tena kokote.

Usiwe na haraka ya kutangaza mwelekeo. Katika msitu wa Harvard, Massachusetts, udongo umekuwa ukipashwa joto kwa nyuzi 5 za Selsiasi juu ya kawaida tangu mwaka 1991, na matokeo ya miaka 26 ya kwanza yalionyesha upotevu wa kaboni ukipanda, ukitulia, ukipanda tena na kutulia tena. Aliyefunga kazi katika mwaka wa kumi na tano angeondoka na jibu lisilo sahihi.

Mashine za maabara zitabadilika, hilo haliepukiki. Kila zinapobadilika, pima sampuli za zamani pamoja na mpya katika awamu moja, tumia njia zote mbili kwa msimu mmoja angalau, na andika tofauti iliyopatikana katika daftari lilelile lenye maelekezo ya mwanzo, kisha nakala yake ihifadhiwe katika jengo jingine.