Kompyuta ya Mezani Imekufa: Kipi Uhamishe, Kipi Ukiache

Swali ninaloulizwa karibu kila mteja anapoingia na boksi kwapani ni hili: "Fundi, ninunue nyingine nzima au tutumie hivi vilivyomo?" Mara nyingi monita, kibodi, printa na diski vinahama bila shida, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) inahama ikikubaliana na bodi, lile bamba kubwa linalounganisha vifaa vyote. Ninachokishuku kuliko vyote ni pawa saplai, kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme, na ajabu ni kwamba ndicho kifaa ambacho watu hung'ang'ania kukiokoa kwa kuwa feni yake bado inazunguka.

Andaa bisibisi ya nyota, brashi ya rangi ambayo haijatumika, multimita hata ile ya bei rahisi, na meza yenye mwanga.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli imekufa

Chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kama kumi ili chaji iliyobaki iishe, ndipo ufungue kava. Kabla hujagusa kitu, tazama na unuse. Harufu ya kuungua utaijua. Kwenye bodi, angalia kapasita zile za duara: juu zinatakiwa ziwe bapa. Zikivimba au zikitoa ute wa kahawia, bodi hiyo inaelekea kaburini hata kama leo imewaka.

Lakini kwa hapa Dodoma, anza na vumbi. Mashine iliyokaa kwenye steshenari ya kando ya barabara ya udongo, tuseme Nkuhungu au Ipagala, ikipita kiangazi kimoja chenye upepo wa Agosti, hitisinki (bati la kupozea) ya prosesa unaikuta imezibwa na vumbi jekundu lililoshikana hadi unalibandua kwa vipande. Feni inazunguka, hewa haipiti, mashine inajizima baada ya dakika chache. Hiyo bado ni nzima. Ipeleke nje, shika feni kwa kidole isizunguke, piga brashi na upepo. Kisha toa hitisinki. Pesti ya kupitisha joto iliyokauka na kumeguka ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati ya prosesa, rudisha.

Toa pia RAM zote, safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, rudisha moja tu na ujaribu. Pima na betri ya saa, CR2032: inatakiwa itoe volti 3. Kuna kompyuta nyingi zilizotangazwa zimekufa ambazo zilipona kwa haya mawili, kwa gharama ya soda.

Hatua ya 2: Pima pawa saplai, na uwe mkali

Chomoa nyaya zake zote kwenye bodi. Acha diski moja ya zamani isiyo na kitu cha maana ikiwa imechomekwa, kwa sababu saplai nyingine hazisomeki vizuri bila mzigo. Kwenye plagi kubwa yenye matundu 24, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, kisha rudisha umeme. Feni ikizunguka, usishangilie. Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye waya mweusi, halafu pima volti: njano isome kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Zambarau inatakiwa iwe na volti 5 hata kabla hujaunganisha ule wa kijani.

Ikishindwa kipimo kimoja, itupe. Ikifaulu vyote, bado unapima mashine iliyopumzika; haijabeba prosesa inayofanya kazi. Kwa hiyo naangalia na umri. Saplai iliyokula miaka mitano ya umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo siifungi kwenye bodi mpya hata mteja akinuna, maana ikifa vibaya inaweza kuondoka na bodi na diski kwa pamoja. Okoa pesa kwingine.

Usiifungue kuitengeneza ndani kama si fundi wa umeme. Kapasita zake kubwa zinaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Na ukinunua iliyotumika, geuza nyuma uone kama ina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa imeelekezwa 115 nawe ukaichomeka kwenye umeme wetu wa 230, utasikia mlipuko.

Mtego mwingine ni mashine za ofisini. Dell OptiPlex 7020 na 9020 zina plagi ya bodi yenye matundu 8, HP EliteDesk 800 G1 ina ya 6. Saplai zake haziingii kwenye bodi ya kawaida, na ya kawaida haiingii kwake bila kigeuzi. Rangi za nyaya huko pia usiziamini.

Hatua ya 3: Diski, kopi kwanza

Kabla ya kupima chochote, toa faili. Unganisha diski kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya SATA kwenda USB. Ile pana ya inchi 3.5 inahitaji kebo yenye adapta yake ya umeme, maana USB peke yake haiisukumi. Ikigonga "tak, tak", zima. Kila dakika unayoiacha izunguke inaongeza uharibifu. Kama ndani yake kuna vitabu vya SACCOS au matokeo ya wanafunzi, mpelekee anayeokoa data, usiigeuze uwanja wa mazoezi.

Faili zikishatoka salama, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie mistari ya 05 na C5, inayohesabu sehemu zilizoharibika na zinazoshukiwa. Namba zote mbili kwenye safu ya Raw Values zikiwa sifuri, diski inahama. Zikianza kupanda, haifai. Hata ikiwa nzima, diski ya kuzunguka naiweka iwe ghala tu. Windows nenda nayo kwenye SSD, diski ya chipu isiyozunguka.

Diski ikiomba funguo ya tarakimu 48, ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows. Funguo itafute kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, au kwa mtu wa TEHAMA kama ni mali ya ofisi.

Hatua ya 4: Vingine, haraka haraka

RAM: DDR3, DDR4 na DDR5 hazichanganyiki, kila moja ina pengo lake mahali tofauti. Ikigoma kuingia, usilazimishe. Prosesa ya zamani huambatana na bodi yake. Ukikosa bodi ya soketi hiyohiyo, iuze. Kadi ya picha ya zamani inaingia kwenye bodi mpya, ila angalia kama boksi lako jipya ni lile jembamba, maana kadi ya kimo cha kawaida haitoshi humo.

Monita ya VGA bado ina maisha. Kumbuka tu kwamba kigeuzi kina upande mmoja: cha kutoka HDMI kwenda VGA hakirudi kinyume. Mwambie muuzaji kompyuta ina tundu gani na monita ina tundu gani, kwa mpangilio huo.

Hatua ya 5: Boksi jipya

Kama bodi imekufa, bodi tupu ya mashine ya zamani mara nyingi haina faida; boksi zima lililotumika la kutoka Ulaya linakupa prosesa, bodi na saplai vilivyozoeana. Usivutwe na bei ya prosesa za Intel za kizazi cha 6 au cha 7. Windows 10 ilisitishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kizazi unakisoma kwenye namba: i5-7500 ni cha 7, i5-8500 ni cha 8, i5-10400 ni cha 10.

Mzigo ukitoka Kariakoo ukaupokea stendi ya Nanenane, uwashe siku hiyohiyo. Waranti za huko ni fupi, na kurudisha ni nauli yako.

Hatua ya 6: Funga na uwashe

Washa boksi jipya kwanza likiwa kama lilivyokuja. Likikubali, ongeza kitu kimoja, washa, ongeza kingine. Ukifunga vyote kwa mkupuo kisha lisiwake, hutajua mkorofi ni nani.

Ukihamisha SSD yenye Windows tayari, inaweza kuwaka au kuleta skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Ingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), kwenye sehemu ya SATA badilisha RAID iwe AHCI. Dell nyingi huja zikiwa kwenye RAID. Isipoona diski kabisa, huenda Windows hiyo ilisimikwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na hapo ni rahisi kusimika upya. Leseni iliyokuja na mashine ya zamani imefungwa kwenye bodi yake, haihami.

Na kama ukigusa kava unahisi umeme unakutekenya, soketi yako haina athi (waya wa kwenda ardhini). Mwite fundi umeme kabla hujaendelea kutumia.

Hatua ya 7: Mabaki

Kabla ya kumuuzia mtu diski nzima, ifute yote. Kufomati kwa haraka hakuondoi kitu. Diski mbovu usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima. Itoboe kwa drili hadi upite kwenye sahani za ndani, na kama ni SSD, vunja zile chipu nyeusi moja moja.