Jinsi ya kukagua kesi ya kompyuta kwa nje kabla hujafunga kitu ndani

Wengi wakipata kesi mpya wanakimbilia taa na kioo cha pembeni, mi naanzaga na uso wa mbele maana hapo ndo mashine inavutia hewa, na kesi ikiwa nzuri machoni lakini haipumui basi kila utakachoweka ndani kitapata joto kupita kiasi na feni zitapiga kelele kutwa nzima.

Hatua ya 1: uso wa mbele
Kama ni wavu, washa tochi ya simu kwa ndani afu simama mbele uangalie. Mwanga ukipita vizuri na hewa itapita. Kama ni kioo au plastiki iliyoziba, tafuta upenyo wa pembeni uupime kwa rula, usiamini macho. Feni moja ya milimita 120 ina uso wa kama sentimita za mraba 113, kwa iyo tatu ni karibu 340. Sasa chukua upenyo wa sentimita 1 kwa urefu wa 40, kushoto na kulia, unapata 80 tu, yani hata robo haifiki! Kesi ya ivo mi siichukui hata iwe na umbo zuri kiasi gani, labda kwa mashine ya kazi ndogondogo isiyo na kadi kubwa ya grafiki.

Hatua ya 2: machujio ya vumbi na miguu
Chujio la chini ya pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine) livute. Likitokea mbele au pembeni safi, ila kama mpaka uinue mashine nzima ndo litoke, nakwambia ukweli hutalisafisha kamwe. Miguu nayo iwe imeinua kesi angalau sentimita 2 na iwe na raba, sababu pawa saplai nyingi zinavuta hewa kwa chini.

Hatua ya 3: ishike
Shika kona mbili za mshazari usukume taratibu kama unajaribu meza inayoyumba, afu bonyeza bati la ubavuni kwa kiganja. Likibonyea na kurudi kwa mlio, ujue ni jembamba na litatetemeka pamoja na disk. Kingo usizipitishie kidole, pitishia pamba, ikinasa mahali ujue hapo patakukata siku ya kupitisha waya.

Kioo ukikitoa kilaze juu ya kitambaa. Mi niliwahi kukisimamisha sakafuni kwenye vigae, kona ikagusa tu kidogo kikasambaratika chote vipande vidogovidogo. Kioo kilichoimarishwa kwa joto kinavumilia katikati, kingo ndo udhaifu wake.

Hatua ya 4: batani na matundu
Bonyeza batani ya kuwashia mara ishirini hivi, isinase wala kulegea. Ya kurisetia ikiwa jirani kabisa na iyo, utaigusa siku una kazi hujasevu. Kwenye USB chomeka flashi nene uone kama tundu la pili bado linatumika. Matundu ya juu yanafaa kesi ikikaa chini ya meza ila yanajaa vumbi, ikikaa mezani bora yawe mbele. Na kama ina USB-C mbele, hakikisha mazabodi yako (ule ubao mkuu wa ndani) ina soketi yake, la sivyo ni pambo.

Nyuma angalia haraka tu: vifuniko vya nafasi za kadi viwe vya skrubu, sio vya kuvunja, maana ukishavunja havirudi.

Hatua ya 5: muonekano
Sogea nyuma kama mita 2 uangalie mistari. Mwanya kati ya bati na fremu uwe sawa juu mpaka chini, ukipanuka upande mmoja fremu imepinda. Rangi nyeusi isiyong'aa inapendeza ila inashika mafuta ya vidole, shika makusudi uone alama inavyofutika. Mwisho kwaruza kwa kucha pale chini karibu na mguu pasipoonekana, rangi ikibanduka kama ganda irudishe siku iyo iyo kabla hujafunga hata skrubu moja.