Mlioko UK mnaovuka kwenda Ulaya, chekini roming kwanza

Wadau mlioko Uingereza, kama likizo hii unavuka kwenda Paris au Hispania usijiaminishe kwamba bando lako la nyumbani bado linatembea bure kule, ile sheria ya EU (Umoja wa Ulaya) ya 2017 iliyofuta makato ya roming, yaani kutumia laini yako ukiwa nchi nyingine, haiwabani tena mitandao ya UK baada ya Brexit (UK kujitoa EU), na kuanzia 2022 EE na Vodafone wakarudisha makato ya kila siku, yalianzia kama pauni 2 kwa kila laini. Familia ya watu wanne wiki mbili hiyo ni pauni 112, na hamjanunua hata aiskrimu!

Cha kufanya, soma mkataba wako kabla ya safari (Ireland wengi hawakati), kama unakatwa nunua laini au eSIM (laini ya kidijitali isiyo na kadi) ya nchi ya EU, ukiinunua Ufaransa kwa kawaida inapiga kazi mpaka Italia, ila Uswisi hawamo EU kwa hiyo uliza kwanza. Laini ya UK iache hewani kwa meseji za benki lakini zima data roming. Na kwenye feri weka simu flaiti modi kabisa, mtandao wa meli ni wa setilaiti, ule unakula hela vibaya mno.