Kutoka sampuli ya mkojo hadi jina la bakteria: mwongozo wa benchi la maabara

Mteknolojia mgeni anapofika kwenye benchi letu la mikrobiolojia hapa Dar es Salaam, jambo la kwanza ninalomkataza ni kutaja jina la bakteria kabla hajafanya kipimo hata kimoja. Koloni (kundi la bakteria linaloonekana kwa macho) la waridi kwenye sahani ya MacConkey, aina ya agari ya kuoteshea bakteria, linaonyesha tu kwamba bakteria huyo anachachusha laktosi, yaani sukari ya maziwa, na wanaofanya hivyo ni wengi. Mwongozo huu unafuata sampuli moja ya mkojo kuanzia inapopokelewa hadi jina linapoandikwa kwenye fomu ya majibu.

Hatua ya 1: Pokea na otesha

Uliza kwanza mkojo ulichukuliwa saa ngapi. Ukikaa zaidi ya saa mbili bila jokofu, bakteria wachache walioingia kutoka kwenye ngozi huzaliana, na kwa joto letu sampuli iliyokwama kwenye foleni kutoka Mbagala inaweza kutoa picha ya ugonjwa usiokuwepo. Sampuli ya namna hiyo ni heri kuomba nyingine.

Tumia kitanzi cha kuchotea cha maikrolita 1, ambapo kila koloni linawakilisha takriban bakteria 1,000 kwa mililita. Otesha kwenye agari ya damu na ya MacConkey, kisha weka kwenye inkubeta yenye nyuzi joto 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24.

Hatua ya 2: Pata koloni safi

Chagua koloni moja lililojitenga, ulioteshe upya peke yake. Wengi huiruka hatua hii ili kuokoa siku moja, halafu hupoteza siku tatu wakijiuliza kwa nini vipimo vyao vinapingana.

Hatua ya 3: Rangi ya Gram

Mbinu hii iliyotolewa mwaka 1884 na Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, bado ndiyo njia panda ya kazi yote: huwagawa bakteria kuwa Gram chanya na Gram hasi. Weka tone dogo la maji ya chumvi kwenye slaidi, changanya na koloni kidogo sana, acha likauke lenyewe, kisha pitisha slaidi juu ya moto mara mbili au tatu. Mwaga kristali vayoleti kwa dakika moja na uoshe. Mwaga iodini ya Lugol kwa dakika moja na uoshe tena.

Sasa inakuja sehemu inayoharibu matokeo ya wengi, yaani kuondoa rangi kwa asetoni au alkoholi. Inamisha slaidi, dondosha kidogo kidogo, na mara tu maji yanayotiririka yanapoacha kuwa ya zambarau, osha bila kusubiri. Ukizidisha sekunde chache, bakteria chanya wataonekana hasi. Mpako ukiwa mzito, hasi watabaki na zambarau. Malizia na safranini kwa nusu dakika hadi dakika moja. Chanya, wenye ukuta mnene wa peptidoglikani, hubaki zambarau, na hasi huwa wekundu. Tumia koloni la siku hiyo, kwa sababu koloni kuukuu la bakteria chanya hupoteza uwezo wa kushika rangi.

Hatua ya 4: Katalesi au oksidesi

Ukiona viduara (bakteria wa mviringo) Gram chanya, fanya kipimo cha katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi: gusisha koloni kwenye tone la peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 3 kwa kijiti cha mbao, kama vile vya kuchokolea meno. Mapovu ya papo hapo yanaelekeza kwenye *Staphylococcus*. Yasipotoka, fikiria *Streptococcus* au *Enterococcus*. Usichote chembe za damu kutoka kwenye agari, kwani nazo hutoa mapovu.

Wakati mmoja chupa yetu ya peroksidi ilikaa wiki kadhaa karibu na dirisha lenye jua. Hadubini ilionyesha mashada kama ya zabibu, dalili ya *Staphylococcus*, katalesi ikakataa kutoa povu. Mashada hayo ndiyo yaliyotuokoa, na tangu siku hiyo hatusomi jibu lolote kabla ya kujaribu kitendanishi kwa bakteria wa rejea, mmoja anayejulikana kutoa jibu chanya na mmoja jibu hasi.

Ukiona fimbo Gram hasi, fanya kipimo cha oksidesi, kimeng'enya kingine, na usome ndani ya sekunde 10. *Pseudomonas aeruginosa* ni chanya kwa oksidesi. *Escherichia coli* na jamaa zake ni hasi.

Hatua ya 5: Vipimo vya kemikali

Sampuli yetu ilikuwa fimbo Gram hasi, oksidesi hasi. Pete nyekundu ilijitokeza baada ya kudondosha kitendanishi cha Kovács, kwa hiyo kipimo cha indoli, kemikali ambayo baadhi ya bakteria huitoa, ni chanya. Agari ya sitrati ilibaki kijani, na kipimo cha yurea hakikubadilika, yaani vyote viwili ni hasi. Mpangilio huo ni wa *E. coli*. *Klebsiella pneumoniae* kwa kawaida ingeigeuza sitrati kuwa buluu bila kutoa pete, na *Proteus* angetambaa sahani nzima na kugeuza yurea haraka.

Hatua ya 6: Andika jina ipasavyo

Jenasi huanza kwa herufi kubwa na spishi kwa ndogo, zote kwa mlazo, au kwa kupigiwa mstari ukiandika kwa mkono. Andika jina kamili mara ya kwanza, kwa kuwa “E.” inaweza kuwa pia *Enterococcus*. Typhi ni serovari, yaani aina ndani ya spishi, si spishi yenyewe: *Salmonella* Typhi, bila mlazo kwenye neno la pili.

Majina hayafuati ukoo kila mara. Kwa jeni, *Shigella* ni sehemu ya *E. coli*, lakini imeachiwa jina lake kwa sababu ya ugonjwa inaouleta. Mengine hubadilika: *Enterobacter aerogenes* siku hizi ni *Klebsiella aerogenes*, na kwenye fomu huandika jina jipya, la zamani likifuata katika mabano, ili daktari wa wodini asidhani ni bakteria mwingine.