Siku tatu pwani ya Norfolk mwezi wa 11: anza na mwezi wa angani, wikendi baadaye

Jamani mlioko Uingereza, kama umekulia pwani na unajua habari za bamvua (maji yanayojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo), basi elimu hiyohiyo ndo itakusaidia ukitaka kwenda kuangalia ndege na sili (wanyama wa baharini, Kiingereza seal) Norfolk msimu huu majani yakipukutika. Wengi wanachagua wikendi kwanza alafu wanafika wanakuta tope tupu. Wewe anza kucheki mwezi uko wapi.

Iko hivi. Snettisham iko kwenye ghuba ya The Wash, maji yakipwa pale tope linaenda mpaka macho yanachoka na wale ndege wanaoitwa knot, makumi ya maelfu, wametawanyika huko mbali hata darubini haikusaidii. Lakini bamvua ikijaa inafunika tope lote, ndege wanakosa pa kusimama, wananyanyuka kwa pamoja kama moshi, wanageuka huku wanageuka kule, wanapita juu ya kichwa chako unasikia kabisa upepo wa mabawa, alafu wanashuka kwenye mabwawa nyuma ya ufukwe. Na bata bukini wa miguu ya pinki, wanaotoka Iceland na Greenland, wanalala kwenye ghuba hiyohiyo, kukipambazuka wanaruka makundi kwa makundi kwenda mashambani kula mabaki ya biti za sukari.

Sasa bamvua ziko mbili kwa mwezi, mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Usichague mpevu, sababu kukiwa na mbalamwezi bata wanakula usiku na asubuhi unaweza usiwaone wakiruka. Nenda siku moja mbili baada ya mwezi kuandama. Uzuri wa The Wash ni kwamba bamvua yake inajaa asubuhi na mapema, na November jua linachomoza kama saa moja, kwa hiyo vyote viwili unavipata kwa mkupuo mmoja. Uwe umeshafika ufukweni giza bado lipo, na kutoka kijijini kuna mwendo wa kutosha.

Treni ni King's Cross mpaka King's Lynn, saa moja na dakika 50 hivi, alafu basi la kwenda Hunstanton. Alfajiri usitegemee basi, lala Snettisham penyewe au panga teksi jana yake. Baada ya ndege hamia Wells-next-the-Sea, mabasi ya pwani yapo.

Sili waweke siku ya mwisho, msibadilishe mpangilio huu. Boti zinatoka kijiji cha Morston kwenda Blakeney Point, ulimi wa mchanga wanakolala sili, na mkondo wa Morston unakauka kabisa maji yakipwa, so zinatoka maji yakiwa yamejaa tu. Bamvua ikijaa mapema sana boti inakuwa ngumu, ila kila siku maji yanachelewa dakika 40 au 50, ukisubiri siku mbili tatu yanajaa muda mzuri wa asubuhi. Piga simu kabla, upepo ukichafuka hawaendi.

Watoto wa sili wanazaliwa kuanzia mwisho wa mwezi wa 10 mpaka mwezi wa kwanza, weupe pee, kilo kama 14, wananyonya wiki 3 hivi na maziwa ya mama yao zaidi ya nusu ni mafuta, mpaka wanaongezeka uzito mara tatu. Mwaka 2001 walihesabiwa watoto 25 tu pale Blakeney, siku hizi ni maelfu. Ukimkuta mtoto peke yake ufukweni naomba sana usimsogelee, usimpige picha kwa karibu, usimrudishe majini, mama yake yuko jirani na akiogopa watu anaweza kumtelekeza. Mbwa afungwe kamba.

Nguo: kaskazi yetu inaleta joto, ila upepo wa kaskazini wa Norfolk unatoka upande wa Aktiki hauna kitu cha kuuzuia. Glavu, kofia ya kufunika masikio, buti zisizoingiza maji, na chupa ya chai ya tangawizi. Jua linazama saa kumi jioni, panga kurudi mapema.

Ukibakiwa na muda kabla ya basi tembea ufukwe wa Wells maji yakiwa yanapwa, utaona vindege vidogo vyeupe vinakimbizana na mawimbi, vinaitwa sanderling. Ni aina ileile inayokimbia hivyohivyo miezi hii kule Watamu na Malindi.